Dakika Kumi na Moja

Mkanda wa filamu wa milimita 16, ule uliokuwa ukipakiwa kwenye kamera za begani miaka ya 1960, ulikuwa na urefu wa futi 400. Futi moja hubeba picha 40. Mkanda mzima, basi, ni picha 16,000, na kamera inayotafuna picha 24 kwa sekunde huumaliza kwa dakika kumi na moja na sekunde chache. Hapo huna la kufanya ila kuishusha kamera, kutoa kasha lililokwisha na kupachika jingine, huku mazungumzo uliyokuwa ukiyarekodi yakiendelea bila wewe.

Naanza na hesabu hii kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu imo ndani yake. Wapo vijana, katika vyuo vichache duniani, wanaosomea anthropolojia kwa kamera. Pamoja na tasnifu ya maandishi, wanapewa kamera na maikrofoni, wanakwenda kuishi na watu, na wanarudi na filamu ya nusu saa au saa moja kuhusu maisha ya watu hao. Nyingi ya filamu hizo haziendi mbali zaidi ya ukumbi wa chuo na matamasha mawili matatu. Kwa miaka nimekuwa nikizitafuta na kuzitazama, na kila ninapoitazama moja najiuliza swali lile lile: huyu kijana alizitumiaje dakika zake kumi na moja? Alijua kukaa?

Filamu iliyonifundisha kuuliza hivyo ilipigwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwaka 1968. David MacDougall alikuwa akisomea filamu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambako mwalimu wa filamu Colin Young na mwanaanthropolojia Walter Goldschmidt walikuwa wameanzisha mafunzo ya kuwakutanisha watu wa kamera na watu wa utafiti. Goldschmidt alikuwa ameshaijua Uganda kwa utafiti wake miongoni mwa Wasebei wa Mlima Elgon. David alikwenda na mkewe, Judith, kwa Wajie, wafugaji wa ng'ombe. David alishika kamera, Judith akashika kinasa sauti. Filamu waliyotoka nayo, *To Live with Herds*, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina urefu wa zaidi kidogo ya saa moja, na ilianza kama kazi ya mwanafunzi. Mwaka 1972 ilitunukiwa tuzo kubwa katika tamasha la Venice.

Ili kuelewa walichokifanya, kumbuka filamu za namna hii zilivyokuwa kabla yao. *The Hunters* ya John Marshall, ya mwaka 1957, inawafuata wawindaji wa Kalahari wakimwandama twiga kwa siku kadhaa. *Dead Birds* ya Robert Gardner, iliyofuata baada ya miaka michache, inaonyesha vita na maombolezo ya Wadani wa Guinea Mpya. Zote mbili ni kazi kubwa, na mimi nazipenda. Lakini ndani yake watu wa kwenye picha wanasogeza midomo, na anayesikika ni msimulizi. Yeye ndiye anayetuambia mwindaji anawaza nini, mzee anahofia nini, mtoto amekumbuka nini. Wenyewe hawakuulizwa, au kama waliulizwa, jibu lao limemezwa na sauti iliyorekodiwa baadaye chumbani, maelfu ya kilomita kutoka pale.

Katika filamu ya Wajie msimulizi karibu hana kazi. Watu wanaongea lugha yao, na maneno yao yanapita chini ya picha yakiwa yametafsiriwa kwa maandishi. Leo jambo hili tunaliona la kawaida kiasi kwamba halimshangazi mtu. Wakati ule filamu hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake kufanya hivyo, na ilibadilisha kila kitu. Mara tu mtu anapoachiwa aseme mwenyewe, inabidi mpiga picha amsubiri amalize. Msimulizi anaweza kukatwa popote. Sentensi ya mwenye nyumba haikatwi. Ufundi mpya wa sauti, wa kurekodi maneno yakilingana na midomo, ulikuja na adabu yake, na nadhani si wapiga picha wote walioijua adabu hiyo siku ile ile walipouziwa kifaa.

Mapema katika filamu hiyo mzee Logoth anasimama na kuionyesha nchi yake. Ananyoosha mkono upande huu, anasema ni kwa kina nani. Anageuka upande mwingine, anasema ni kwa kina nani. Ni namna ile ile mwenyeji yeyote wa bara anavyompokea mgeni anayeuliza njia: kabla hajakuonyesha nyumba, anakuonyesha majirani. Mwanafunzi mwenye haraka angechukua ramani, akachora mishale, akamaliza kwa sekunde tano. MacDougall alimwachia mzee mkono wake. Tunaijua Karamoja kwa urefu wa mkono ule na kwa mpangilio alioutaka mwenyewe, wa kuanza na nani na kumalizia na nani.

Filamu ina sehemu tano, na majina yake kwa Kiswahili yangekuwa Mizani, Mabadiliko, Taifa, Thamani ya Ng'ombe na Habari za Nyumbani. Ulikuwa msimu mkali wa kiangazi. Ng'ombe wamehamishiwa malisho ya mbali, waliobaki nyumbani wana njaa, na serikali changa ya taifa huru inawataka wafugaji wabadilike wawe watu wa namna nyingine. Yote hayo yamo, lakini hayaletwi kama hoja. Yanaingia kupitia mazungumzo ya uani, kupitia mtu aliyekaa chini akimweleza mwenzake. Mpaka filamu inaisha, mtazamaji anajua kwa nini ng'ombe ni zaidi ya nyama na maziwa, na hajahutubiwa.

Sasa turudi kwenye kukaa. Itazame kamera ya filamu hii kwa makini, utagundua kwamba daima iko mahali ambapo mtu angeweza kuwa. Haipandi juu ya paa. Watu wawili wanapoongea, haiwi mbele ya huyu na mbele ya yule kwa wakati mmoja, ufundi ambao sinema za kawaida huufanya kwa kurudia tendo mara mbili. Haitokei ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyeikaribisha. Mwaka 1982 MacDougall aliandika makala juu ya jambo hili, kuhusu kamera isiyojipa haki ambazo mtu aliyepo pale hana. Mimi ninapoisoma hoja yake naiona baraza ya nyumba ya pwani. Mgeni akija anaonyeshwa pa kukaa. Akishakaa, haanzi kuzunguka nyuma ya wazee akiwachungulia nyuso mmoja mmoja. Anaona anachokiona kutoka pale alipowekwa, na kile asichokiona anakisikia.

Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mwili wote wa mpiga picha unadai kusogea. Mkono unauma. Mtu anayeongea anageukia upande mwingine, na unabaki na kisogo chake. Tamaa inakwambia usogee, uvute picha karibu, utafute uso. Wanaofundisha kazi hii husema: tumia lenzi pana na usogee wewe kwa miguu yako mapema, kabla mambo hayajaanza; ukishachagua mahali, vumilia. Huwafundisha wanafunzi kulegeza magoti, kubana viwiko kwenye mbavu, kupumua polepole, na kuliacha jicho la pili wazi ili lione kinachokuja kabla hakijaingia kwenye picha. Huwaambia wahesabu mpaka kumi pale wanapodhani tukio limekwisha. Mara nyingi katika kumi ile ndipo mtu anaposema alichokuwa anakizuia.

Nimesema kisogo. Baadhi ya picha ninazozienzi katika filamu za wanafunzi ni za visogo. Kijana anamrekodi baba anayemsikiliza daktari akieleza ugonjwa wa mkewe, na kamera iko nyuma, na kinachoonekana ni shingo ya baba inavyokaza. Angehama kwenda mbele angeupata uso wake, na angelipoteza lile tukio zima, kwa kuwa baba angekumbuka kwamba anatazamwa.

Baada ya Uganda, akina MacDougall walikwenda kwa Waturkana wa Kenya katikati ya miaka ya 1970, na huko wakapata filamu tatu. Wakati huo hawakuwa wanafunzi tena, lakini filamu hizo zimekuwa darasa la wanafunzi wengi waliofuata. Mtu mkuu ndani yake ni Lorang, mzee mwenye mifugo na wake kadhaa, aliyewahi kuchukuliwa jeshini katika King's African Rifles, jeshi lililotupa kile Kiswahili cha amri tulichokiita Kikeya. Aliiona dunia ya nje, akarudi, akachagua ufugaji. *The Wedding Camels* inahusu mahari ya binti yake, Akai, anayeolewa na Kongu, mtu wa rika la baba yake. Mahari inapungua hapa, inaongezeka pale, watu wanakasirika, wananyamaza, wanaanza upya. Aliyewahi kutumwa kama mshenga anajua kwamba katika shughuli hizo kauli nzito husemwa na mtu aliyekuwa kimya tangu asubuhi. Kamera ilikuwepo asubuhi, na jioni ilikuwa bado ipo.

Nisije nikaonekana nadhani mambo haya yalianzia California. Jean Rouch, Mfaransa aliyeupenda Mto Niger kuliko mahali pengine popote, alikuwa kwenye njia hii miaka ishirini kabla. Mwaka 1946 alishuka mto ule na kamera kuukuu aliyoinunua kwenye soko la mitumba Paris. Stendi yake ya miguu mitatu ikazama majini. Tangu siku hiyo alipiga picha kwa mkono, akitembea.

Ila kisa chake ninachokipenda zaidi ni kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipiga filamu ya wawindaji wa viboko, kisha akarudi nayo Ayorou, kando ya Mto Niger, mwaka 1954 ili wenyewe waione. Waliitazama. Waliwaona ndani yake watu waliokuwa wamekwisha kufa, wakalia. Wakaomba irudiwe, na ikarudiwa tena na tena. Na walipokwisha kuizoea, wakaanza kuikosoa. Rouch alikuwa ameweka muziki juu ya tukio la uwindaji, muziki wa kwao wenyewe, wa kuwatia wawindaji moyo. Wakamwambia haifai: kiboko ana masikio, akisikia muziki atakimbia. Uwindaji ni kimya. Rouch aliutoa muziki ule, na alikisimulia kisa hicho maisha yake yote. Palepale wenyeji wakaanza kupendekeza filamu ijayo iweje, na kutokana na mazungumzo hayo ikazaliwa *Jaguar*, filamu ya vijana wa Niger wanaokwenda kutafuta maisha Gold Coast, ambayo Damouré Zika na wenzake waliiigiza na baadaye kuisimulia kwa maneno yao.

Rouch aliufikisha utamaduni huo hadi jirani yetu. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliendesha mafunzo Maputo, katika Msumbiji iliyokuwa imepata uhuru miaka mitatu tu kabla, kwa kamera ndogo za Super 8. Vijana walipiga picha, mkanda ukasafishwa papo hapo, na filamu ikaonyeshwa kwa waliopigwa picha bila kukawia. Kutokana na majaribio hayo na mengine ilikuja kuanzishwa shule ya Ateliers Varan huko Paris, mwaka 1981.

Nchini Uingereza mambo yalipata nyumba ya kudumu Manchester. Kampuni ya televisheni ya Granada ilikuwa imetengeneza kwa miaka mingi mfululizo wa *Disappearing World*, uliowaunganisha watengenezaji filamu na wanaanthropolojia. Ndimo mlimotoka filamu ya Melissa Llewelyn-Davies kuhusu wanawake wa Kimaasai wa Loita, Kenya, ambayo bado haijapata ya kuishinda. Mwaka 1987 fedha za Granada zilisaidia kuanzisha kituo cha anthropolojia ya picha katika Chuo Kikuu cha Manchester, chini ya Paul Henley. Tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakipitia mlango ule kila mwaka, na kila mmoja hutoka na filamu yake. Mwanaanthropolojia wa televisheni alikuwa na timu: mpiga picha, mtu wa sauti, mtayarishaji, dereva. Mwanafunzi wa leo kwa kawaida ni mtu mmoja. Kamera ni yeye, maikrofoni ni yeye, chaji za betri ni yeye, na ndiye anayetakiwa kukumbuka kumsalimia bibi wa nyumba ya pili.

Nilipata bahati ya kulishuhudia hilo kwa karibu. Kijana mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyekuwa akisoma Ulaya, alirudi kupiga filamu yake ya mwisho Pangani, juu ya mama mmoja anayechoma vitumbua alfajiri na kuviuza barazani kwake. Mimi nilikwenda kumshikia maikrofoni, kwa sababu upepo wa Mto Pangani hauna huruma na kinasa sauti. Nilikaa naye siku sita.

Siku ya kwanza kijana alirekodi saa tatu. Alirekodi mikono, chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, mafuta yakichemka, moshi ukipenya makuti, mikono tena. Picha zilipendeza kama kalenda. Usiku tulizitazama kwenye kompyuta yake, na yeye mwenyewe akasema, "Mama hayumo." Ni kweli, hakuwemo. Kulikuwa na mikono isiyo na mtu. Kamera ilikuwa imemzunguka mama kama nyuki, na mama, kwa heshima yake, alikuwa amenyamaza ili kijana amalize kazi.

Siku ya pili hakupiga picha kabisa. Alifika alfajiri, saa kumi na moja kasoro. "Hodi." "Karibu." "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo mapema." Akapewa kibao, akakaa. Akasaidia kufukuza kuku. Akaulizwa ni mtoto wa nani, na babu yake ni yupi, na ilipobainika kwamba babu yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge ambako kaka wa mama naye alifanya kazi, mazungumzo yalikwenda mpaka unga ukaisha. Nilimwona akiitazama mara mbili begi ya kamera iliyokuwa pembeni. Hakuifungua. Ilikuwa siku ngumu kwake, na kwangu ndiyo siku alipoanza kuwa fundi.

Siku ya tatu aliiweka kamera mapajani, akiwa amekaa juu ya kibao kile kile, kimo kile kile alichokuwa amekaa jana. Mama alikuwa ameshamzoea pale. Kilichobadilika ni kwamba mgeni sasa ana kitu mkononi. Mama alikamata kijiti, akageuza vitumbua kimoja kimoja, na bila kuulizwa akaanza kuhadithia jinsi alivyoachwa na mumewe akiwa na mtoto mchanga, na jinsi mama yake mzazi alivyompa chuma kile na kumwambia hiki hakitakuacha. Aliongea huku akimimina. Alinyamaza kuhesabu chenji ya mtoto aliyetumwa. Aliendelea. Kijana hakusogea. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Nilijua, kwa kuwa na wangu ulikuwa hivyo. Mwishoni mama alifuta mikono kwenye kanga, akatazama barabarani, akakaa kimya, na kamera ikabaki pale na kimya chake. Nilihesabu moyoni. Kijana alivuka kumi, akavuka ishirini.

Usiku huo tulipotazama saa iliyo pembeni ya picha, kipande kile kilikuwa na dakika kumi na sekunde hamsini. Kamera yake ilikuwa ya kadi, na kadi ile ingeweza kumeza saa kadhaa bila kupumzika. Hakuna kilichomlazimisha kuanza wala kuacha pale. Siwezi kusema kwa nini kipande kililingana hivyo na mkanda wa zamani. Labda ni urefu ambao mtu huuhitaji kusimulia jambo zito huku mikono yake ikifanya kazi.

Baadaye ikaja kazi ya kuhariri, ambayo watu hawaioni na ambayo hula miezi. Kijana alikuwa na saa kumi na tisa za picha. Kila neno lililosemwa ndani yake aliliandika kwenye daftari, kwa Kiswahili, pamoja na dakika na sekunde yake. Kisha tafsiri, maana walimu wake hawakujua Kiswahili. Hapo nilijifunza jinsi maandishi ya chini ya picha yanavyobana: mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi arobaini hivi, na yakae muda wa kutosha mtu kusoma na kuinua tena macho kumwona anayesema. Salamu ndizo zilizomtesa. Mteja anafika: Umeamkaje? Salama. Watoto? Hawajambo. Mgonjwa? Anaendelea vizuri. Habari za tangu jana? Njema. Na ukiziweka zote kwa Kiingereza, mtazamaji wa Manchester au Oslo anaona watu wanaorudia neno moja mara sita. Ukizifuta, mama anageuka kuwa mwanamke asiyejibu salamu, na Pangani nzima itajua umemvunjia heshima. Alikaa siku mbili na salamu ile. Mwisho aliamua kutafsiri mbili za kwanza, zilizobaki akaziacha zisikike tu, bila maandishi, na akakiongeza kipande kile kwa sekunde nane ili muziki wa salamu wenyewe ufanye kazi yake. Neno "pole" alilitafsiri kwa namna nne tofauti katika filamu nzima, na zote nne zilikuwa sahihi pale zilipo.

Ninapowaza juu ya sekunde zile nane nakumbuka filamu ya *Manakamana*, ya mwaka 2013. Stephanie Spray na Pacho Velez waliitengeneza katika maabara ya Harvard inayochanganya sanaa na ethnografia, Spray akiwa bado katika masomo yake ya uzamivu. Walikwenda Nepal, kwenye hekalu la mlimani linalofikiwa kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, na wakagundua kwamba safari moja ya kibanda inakaribia kulingana na urefu wa mkanda wa futi 400. Kwa hiyo wakatumia mkanda wa milimita 16, zama ambazo kila mwanafunzi ana kamera ya kadi. Filamu nzima ni safari kumi na moja. Kila safari ni mkanda mmoja usiokatwa, kamera imekaa benchi la mbele ikiwatazama abiria, Velez nyuma ya kamera na Spray akirekodi sauti. Mzee na mtoto hawasemi kitu. Wanawake wawili wanakula aiskrimu inayowayeyukia mikononi, wanacheka. Safari moja ina mbuzi pekee. Wanapelekwa juu, na sisi tunaijua dini ya huko kiasi cha kukisia kwa nini hatutawaona wakirudi.

Nilipoitazama mara ya kwanza, nilitaka ikatwe. Kufika safari ya tatu nilikuwa nimeacha kutaka. Nilianza kuona jinsi mtu anavyoshika vidole vyake anapopita juu ya nguzo na kibanda kikatikisika. Uvumilivu wa filamu ile hautokani na uvivu wa kuhariri. Waliwarekodi abiria wengi kuliko hao, wakachagua, wakapanga nani amfuate nani. Kazi kubwa ilikuwa kuchagua, na kuacha kila kilichochaguliwa kiishi urefu wake.

Kijana wa Tanga hakuiga hilo, na hakupaswa. Kile kipande cha dakika kumi na sekunde hamsini alikipunguza hadi dakika nne na nusu, na nakiri niligombana naye. Niliona anakata nyama. Alinieleza kwamba mtu aliyekuwepo alfajiri ile alikuwa na upepo, harufu ya iliki, na ganzi ya mguu, na mtazamaji hana hivyo vyote. Dakika nne za ukumbini zina uzito wa dakika kumi za barazani. Nilikaa na hoja yake wiki nzima. Alikuwa sahihi, na sasa ninapokiona kipande kile siwezi kusema kilikatwa wapi. Alichokiacha chote, bila kukigusa, ni kile kimya cha mwisho.

Filamu ilipokaribia kwisha alirudi Pangani na kompyuta, akamwonyesha mama. Walikuwepo majirani, watoto, na dada yake mama aliyekuja kutoka Muheza. Mama alitazama akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kwenye habari za mumewe hakusema neno. Kwenye salamu alicheka. Filamu ilipoisha alikaa kidogo, kisha akauliza: "Nazi mbona hujaonyesha? Mimi tui nakamua mwenyewe. Watu watadhani nanunua la pakiti."

Kijana alijaribu kumweleza kwamba nazi ilikuwemo, ila ilitolewa kwa sababu ya urefu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, na hakubadilisha swali. Dada yake akaongeza kwamba na yeye alishangaa.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na nusu, tulikuwa barazani tena. Mama alitoa mbuzi, akaketi, akachagua nazi tatu, akazipasua juu ya bakuli. Kijana alikaa kwenye kibao chake, kamera mapajani. Nilisogeza maikrofoni mahali ambapo upepo haukufika. Alikuna nazi ya kwanza hadi kifuu kikabaki kitupu ndani, akaipiga kwa kidole kusikia kama imekwisha, akachukua ya pili. Kule nje jogoo aliwika, na mtu alipita na baiskeli akasalimia bila kusimama, mama akaitikia bila kuinua macho. Alichukua ya tatu. Akailoweka nazi aliyoikuna, akaimimina kwenye kifumbu, akaanza kukamua, na tui zito likaanza kushuka.

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.